Saumu ya Nasur Mpima Tumbaku

Uwalii wa Mzee Nasur ulianza na tonge la gurusa lililokataa kushuka.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, nyumbani kwake Koboko, katika mtaa wa Wanubi. Alikata kipande cha gurusa, mkate ule mwembamba wa kukaangwa ambao mkewe Hajara huupika hadi majirani wanagombana na wake zao, akakichovya kwenye chai, akameza. Tonge likafika katikati ya kifua, likasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Akalisukuma kwa mate. Halikwenda. Akalisukuma kwa chai. Chai nayo ikarudi juu, imekuja na tonge mkononi. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Mchana wake kulikuwa na harusi. Wazee walizunguka sinia, vidole tayari, na Nasur akawaza: nikitapika hapa, mbele ya wakwe wa watu, jina langu litakwenda na matapishi. Basi akakunja mikono.

"Leo nimefunga," akasema.

Alhamisi ni siku ya sunna, nani atabisha? Wakasema mashaallah, wakagawana nyama yake. Lakini Jumamosi kulikuwa na hitima kwa jirani, na sinia likaja tena, na Nasur akakunja mikono tena.

"Jumamosi?" akauliza Sulemani fundi cherehani, rafiki yake tangu walipokuwa wanapiga mpira wa majani ya ndizi. "Wewe? Wewe ambaye Ramadhani ilikuwa inakufukuza mpaka vichochoroni?"

"Mtu anabadilika, Sulemani."

Jibu lile ndilo lililomponza. Sulemani ni mtu ambaye habari humwingia kwa tundu la sindano na kumtoka kwa mdomo wa gunia. Kabla mwezi haujaisha ikasemwa kule Lurujo kwamba Mzee Nasur anakula mara moja kwa wiki. Ilipofika Lobule alikuwa anakula mara moja kwa mwezi. Habari ikavuka mpaka kwenda Kaya, ikalala huko, na iliporudi ilikuwa imenenepa: hali kabisa, malaika humletea tende moja usingizini, na alfajiri anaitema kokwa ikiwa dhahabu. Mtu mmoja alitoka upande wa Kongo kwa miguu kuja kuuliza kama kokwa zinauzwa.

Naye Nasur alikuwa anakonda. Kila kilo aliyoipoteza mwilini iliongezwa kwenye sifa. Mashavu yakaingia ndani, wakasema ni nuru. Sauti ikawa ya kukwaruza, wakasema ni dhikri za alfajiri. Imamu alimwambia kwa upole kwamba kufunga mfululizo namna ile si sunna, na watu wakasema imamu naye, maskini, ana wivu.

Hajara peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu yeye ndiye aliyefua vile vitambaa. Mate yalikuwa hayashuki tena vizuri, na Nasur alikuwa anaficha kitambaa ndani ya mkono wa kanzu, anatemea humo akijifanya anafuta mdomo. Ndiye pia aliyemburura hadi Arua. Majirani waliambiwa wanakwenda kumwona binti yao Nabila.

Huko Arua walimwingiza kamera kooni, wakamkata kinyama kidogo kama punje ya mchele, wakakipeleka kupimwa. Waliporudi kusikia majibu, daktari aliyewapokea alikuwa Ayiko, Mlugbara wa Manibe, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Mzee, hii ni saratani ya umio."

"Umio ndiyo nini?"

"Njia ya chakula. Kutoka koo mpaka tumbo."

"Na njia ikiharibika inatengenezwa."

"Kuna namna mbili," daktari akasema, akachukua boksi la glavu, akachora picha juu yake. "Ya kwanza ni upasuaji mkubwa, Kampala. Tunafungua hapa ubavuni, na hapa tumboni, na hapa shingoni. Tunatoa umio, karibu wote. Halafu tunalivuta tumbo juu, tunaliunganisha huku."

Nasur akaitazama ile picha. "Tumbo langu likae kifuani?"

"Ndiyo."

"Na moyo utahamia wapi?"

"Watakaa pamoja, mzee."

"Kama wake wenza."

Daktari alicheka. Hajara hakucheka. "Wanaamka wangapi?" akauliza.

"Kati ya kumi wanaamka wanane, pengine tisa. Wengine wanaamka na shida, mapafu yanajaa, mshono unavuja. Na hata aliyeamka vizuri, ugonjwa unaweza kurudi. Sitaki kuwadanganya."

"Na ile namna ya pili?"

"Tunaweka kimrija cha waya pale palipobana. Atakunywa uji, atakunywa chai. Hakiponyi. Kinampa miezi ya kumeza."

Nje mtu alikuwa anaburura kitanda cha magurudumu, gurudumu moja linalia.

"Sikulazimishi kuchagua leo," Ayiko akasema. "Lakini mwili wako lazima uwe na nyama ya kuhimili kisu. Kila saa kikombe: maziwa, yai bichi limevurugwa, uji wa karanga na simsim, uwe mwepesi. Rudi baada ya wiki tatu na jibu. Ukikonda zaidi ya hapa, mzee, swali litajijibu lenyewe."

Kikombe kila saa. Hebu fikiria. Mtu ambaye nchi nzima inajua kwamba hali wala hanywi, baraza lake limejaa watu tangu jua linachomoza, wengine na wagonjwa, wengine na kuku wa kuombewa wasife mdondo, aagizwe kikombe kila saa!

Siku ya kwanza Hajara alimwita chumbani mara mbili, akanywa amejificha nyuma ya kabati, amechuchumaa kama mwizi wa asali. Siku ya pili mara moja. Siku ya tatu watu walikuwa wengi mno, na Sulemani alikuwa amejiteua bawabu wa mlango, anawapanga foleni, na kila Nasur akiinuka Sulemani anatangaza: "Sheikhe anakwenda kwenye ibada yake ya siri! Shusheni sauti!" Na wanawake wanasogea mlangoni kusikiliza ibada. Utakunywaje maziwa hapo?

"Baba Nabila, kunywa," Hajara alimwambia kwa kunong'ona, kikombe mkononi.

"Iko watu."

"Hao watu ndio watakaokuzika. Na watakula pilau juu yako, na watasema chumvi ndogo."

"Kesho nitakunywa viwili."

"Kesho yako hapana iko na kikombe! Kila siku ni kesho. Waambie ukweli, au niwaambie mimi."

"Ukiwaambia, nitakufa leo leo kabla ya ugonjwa."

Na usimcheke haraka, wewe unayesoma. Nasur alikuwa mpima tumbaku maisha yake yote. Alisimama kwenye mizani pale ghalani, mkulima mbele yake, mnunuzi nyuma yake. Mkulima anamwona mwizi, mnunuzi anamwona mwizi, na mizani yenyewe nadhani ilikuwa inamshuku. Jicho lake lilikuwa kali hivi kwamba aliweza kutazama mtumba wa tumbaku na kukwambia kilo zake na jiwe lililofichwa ndani lina ukubwa gani. Siku moja alimtazama bibi harusi akasema kilo zake kwa sauti, akafukuzwa na mwiko. Hayo ndiyo maisha aliyoyajua. Sasa uzeeni, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, watu wanamngoja bila kumtukana. Wanashika mkono wake kwa mikono miwili. Mambo hayo ni matamu, na hayahitaji kumezwa.

Tena kulikuwa na kile kisu. Hakumwambia Hajara, lakini ile picha ya boksi la glavu ilikuwa imemkaa. Ubavuni, tumboni, shingoni. Mbuzi huchinjwa mahali pamoja tu. Alikuwa anajishika mbavu anapoongea na watu, anazihesabu, anafikiri ni ipi itakayofunguliwa kama dirisha. Wanane au tisa wanaamka. Lakini yeye alikuwa amefanya kazi na vipimo, na alijua kwamba yule wa kumi naye alikuwa na jina, na mke, na alikuwa ameambiwa hesabu hiyo hiyo.

Basi akaanza kutafuta mlango wa tatu. Akawa anaomba, si kwa ajili ya kuku wa watu, bali kwa nafsi yake. "Ya Rabbi," alisema kwenye mswala, "walii wameniita wao, mimi sikujiita. Lakini kwa kuwa wameshaniita, na kwa kuwa Kwako hakuna kigumu, si ungeifanya tu iwe kweli?" Akamaliza, akameza mate ajaribu. Mate yakasimama pale pale penye daraja.

Alipojitazama kwenye kioo cha Hajara, jicho lake likampima lenyewe bila kuombwa. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Wiki ya pili ilikuwa inaishia, na Nasur moyoni alikuwa ameshaamua bila kutamka: hatarudi Arua. Atakufa pale barazani, mtu wa Mungu, kanzu safi, watu wengi. Nani wa mtaa ule alipata mazishi ya namna hiyo? Akatulia kabisa. Ule ulikuwa utulivu wa mtu aliyeacha kupiga mikono majini.

Ndipo akaja Poni.

Poni alikuwa mwanamke Mkakwa wa Lobule, mnene wa mabega, kanga imefungwa kwa nguvu. Alikuwa anasukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli alikuwa amekaa mwanaume kama wa miaka thelathini na kitu, miguu inaning'inia, mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga lililokwisha. Kila baada ya muda alilisogeza mdomoni, akatema mate, akalishusha.

Nasur alilijua kopo lile kabla hajaambiwa. Kitambaa kikawa cha moto ndani ya mkono wa kanzu.

"Huyu kaka yangu Tombe," Poni akasema, ameshapiga magoti. "Analima muhogo. Hapana kula sasa miezi. Kitu inasimama hapa." Akajigusa kifua. "Daktari ya Arua anasema yeye anakatwa. Anafungua kifua, anavuta tumbo juu. Mimi nakataa! Nasema, kwa Koboko iko mutu ya Mungu, hapana kula, hapana kunywa, na hapana kufa. Basi tumekuja. Ombea yeye, Mzee. Wewe ukisema atapona, sisi tunarudi nyumbani na kisu tunaacha."

"Nyinyi si ni Wakristo?" Nasur akauliza, ili apate nafasi ya kupumua.

"Mungu iko moja, Mzee. Ni kelele yetu ndiyo iko mingi."

Watu barazani wakacheka. Sulemani akatangaza kwamba huo ni ushahidi, hata kanisa linaleta wagonjwa. Nasur hakuwasikia. "Daktari gani?" akauliza.

"Ayiko."

Jicho la mpima likamtazama Tombe. Lilipita juu ya shingo, mabega, mapaja. Huyu alikuwa amepungua, lakini bado alikuwa mzigo wa kweli. Mikono ya jembe ilikuwa bado na nyama. Huyu alikuwa na mwili wa kuhimili kisu. Na dada yake alikuwa amempeleka kwenye mlango uliochorwa ukutani.

Angeweza kumwombea na kumwambia nenda pia kwa daktari. Hilo lilimpitia. Lakini alimwona Poni, macho yake, namna alivyokuwa anangoja neno moja tu, na akajua kwamba angechukua nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili pale barazani.

"Sulemani," akasema, "watoe watu."

"Sheikhe, wametoka mbali..."

"Watoe!"

Wakatoka mpaka uani. Sulemani hakutoka, bawabu hatoki, na Hajara alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Nasur akaingiza vidole kwenye mkono wa kanzu, akavuta kitambaa. Kikatoka kirefu, kizito, kimelowa. Akakitandaza gotini, akatema ndani yake mbele yao.

"Mimi sifungi," akasema. "Mimi nashindwa."

Poni akatikisa kichwa, anatabasamu. "Watakatifu wote wanasema hivyo. Wanajishusha."

"Mama, nisikilize! Mimi ni mgonjwa. Ni ugonjwa huu huu, kwa daktari huyu huyu. Nimechorewa picha ile ile. Hakuna malaika, hakuna tende. Iko uji, nao unarudi."

Poni aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa fumbo. Lakini Tombe alikuwa anakitazama kitambaa. Alikitazama, akalitazama kopo lake, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe akaongea, sauti imekauka kama ganda la karanga.

"Wewe pia?"

"Mimi pia."

"Na usiku inapanda mpaka puani?"

"Inapanda. Ukilala bila mto inakuamsha unafikiri umezama."

Tombe akafumba macho. Mtu ukiwa na ugonjwa huo peke yako katika kijiji kizima, kisha umkute mwenzako, ni kama kukutana na mtu wa lugha yako nchi ya mbali. Kisha akayafumbua macho.

"Na wewe, Mzee, kisu unakubali?"

Nasur akafungua mdomo aseme bado nafikiri. Aseme mimi ni mzee, yangu ni mengine. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliona namna mikono ile ya jembe ilivyolikamata kopo, na akasikia sauti yake mwenyewe inatangulia, moyo unakimbia nyuma yake unapiga kelele ngoja, ngoja.

"Nimekubali," akasema.

"Basi siku yako ndiyo siku yangu," Tombe akasema. "Wewe ukienda, mimi naenda. Ukikataa, nakataa."

Hapo Sulemani akalipuka.

"Miezi hii yote! Miezi hii yote mimi nimekuwa bawabu wa mgonjwa! Nimewakosesha watu usingizi mpaka Yei! Nimemwambia shemeji yangu kokwa za dhahabu nimeziona kwa macho yangu!"

"Hukuziona."

"Najua sikuziona!" Akakaa chini ghafla, kama uzi umekatika. Akatazama kitambaa kile, halafu uso wa rafiki yake, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Nasur, wewe kinyonga. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema kwa watu."

"Ningesema. Mimi ni mtu wa kusema. Lakini angalau ningesema ya kweli."

Tangu siku ile Nasur alikunywa hadharani. Hajara alitoa kiti katikati ya baraza, akaleta kikombe mchana kweupe, maziwa na yai, na Nasur akanywa kidogo kidogo mbele ya umma. Na wajua watu walisemaje? Sulemani alizunguka soko zima akitangaza ukweli mpaka sauti ikamkauka, lakini ukweli haukuuzika. Wakasema Sheikhe amevunja saumu kwa huruma, ili wanyonge wasione aibu kula. Wakasema yale si maziwa. Kuku wakaendelea kuja.

Naye hakuwajali tena. Alikuwa na kazi. Kikombe kinaingia, nusu inarudi, anafuta mdomo, anaomba kingine. Alikuwa anapigana na daraja lile kama mtu aliyechelewa kwenye shamba lake. Na jambo la ajabu, kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokitaka kile kisu. Alianza kuuliza watu habari za Kampala. Alimwambia Hajara kwamba tumbo likishakaa kifuani atakuwa mwanaume pekee wa Koboko anayependa kwa tumbo na kushiba kwa moyo. Hajara alicheka mpaka akalia, na baadaye akawa analia tu.

Siku ya daktari walikutana wote wanne Arua. Tombe aliingia kwanza na dada yake, akapimwa, wakatoka kungoja. Kisha akaingia Nasur na Hajara.

Alipanda mizani bila kuitazama. Hakuwa na haja. Walimlaza, wakampaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kile kitu cha kuonea ndani. Ayiko aliongoza mwenyewe, akarudi mahali pamoja mara mbili, tatu. Halafu akazima mashine, akampa karatasi ajifute.

"Nimekuja na jibu," Nasur akasema kabla hajakaa vizuri. "Nikate."

Ayiko akavuta kiti karibu. "Mzee..."

"Nimekubali. Mke wangu amekubali. Lini?"

"Mzee, imefika kwenye ini."

Nasur akamtazama kama hakusikia. "Basi kata na ini kidogo."

"Haikatwi hivyo. Na huu mwili, nikiufungua kifua, nitakuua mimi, si ugonjwa. Nitaweka kile kimrija. Utakunywa chai yako. Maumivu tutayashika. Hilo naweza."

"Uliniambia nane kati ya kumi."

"Ilikuwa wakati ule."

"Nipe moja kati ya kumi! Nachukua moja. Daktari, mwanangu, nachukua hata nusu ya moja. Mimi ndiye nakwambia, hakuna atakayekuja kukushtaki. Kwa nini unanirudisha? Wiki zile nilikuwa naogopa, sikatai. Sasa siogopi. Nimekuja mwenyewe, tazama, nimekuja na miguu yangu!" Alikuwa amemshika daktari mkono wa koti, na hakujua kama amemshika. Hajara akamfungua vidole, kimoja kimoja.

"Ningekubali siku ile ile ya kwanza," Nasur akauliza, sauti imeshuka. "Ningesema ndiyo siku ile. Ingekuwa hivi?"

Ayiko aliangalia kalamu yake. "Sijui, mzee."

Nasur alikuwa amewauliza wakulima maisha yake yote kama kuna jiwe ndani ya mtumba. Alijua kutofautisha sijui na sijui.

Hakuuliza zaidi. Aliinuka, akanyoosha mkono ashike ukuta, akaukosa, Hajara akamshika. Wakasimama nyuma ya mlango uliofungwa, na kupitia kioo chake chenye ukungu wakaona kivuli cha Tombe kwenye benchi, na cha Poni kando yake, kimeinama mbele.

"Amesema siku yangu ndiyo siku yake," Nasur akanong'ona.

"Nilisikia."

"Nikitoka na uso huu, anarudi Lobule."

Hajara alichukua pembe ya mtandio wake, akaulowesha kwa mate, akamfuta mumewe uso kama anavyofutwa mtoto anayekwenda madrasa. Halafu akafungua mlango.

Tombe akainuka. "Mzee! Mimi wamekubali. Daktari anasema mwili bado iko na nguvu. Wiki kesho Kampala, nikitia kidole kwenye karatasi ya kukubali tu. Nilikuwa nangoja wewe. Wamesemaje?"

"Wamekubali," Nasur akasema.

"Tunaenda pamoja?"

"Pamoja wapi, wewe na mbio zako! Vijana wanatangulia. Sisi wazee tunanenepeshwa kwanza, kama mbuzi wa Idi. Mimi nakuja nyuma yako."

Tombe alimtazama. Poni naye alimtazama, kisha akahamisha macho, na macho ya Poni yalikuwa ya mtu anayenunua kuku sokoni.

"Kama wamekubali," akasema, "mama analia nini?"

Sasa, Hajara ni mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya nyanya. Nabila alipokuwa mdogo alimwuliza kama ni mzuri, na Hajara akamjibu, upande huu.

"Mimi nalia kwa sababu ni mume wangu wanakwenda kumfungua mbavu," Hajara akasema. "Wewe hukulia kwa kaka yako? Wamesema Jumatatu ile ya mbele. Wodi ya ghorofani, kitanda karibu na dirisha. Nimewaambia mimi namlalia chini hapo hapo, wasijaribu kunitoa. Na wewe, Tombe, ukishaamka uwaambie manesi wamwekee shuka mbili, huyu anasikia baridi."

"Shuka mbili," Tombe akasema.

"Mbili. Usisahau."

"Nitawaambia, mama."

Akasimama kidogo, kopo mkononi, kama anayetafuta swali jingine. Hakulipata. Poni akamshika kiwiko, wakaufuata ukanda ule mrefu kuelekea chumba cha kutia kidole, polepole, yeye anatema, dada anangoja, wanaendelea. Waliingia. Mlango ukafungwa.

Nasur akakaa kwenye benchi walipokuwa wamekaa wao. Bado palikuwa na joto. Hajara akakaa naye, akatoa chupa ya maziwa mfukoni, akaifungua, akaona haina kazi, akaifunga.

"Na akiamka huko," akasema, "akawauliza manesi, Mzee Nasur yuko kitanda gani?"

Nasur alikuwa anautazama mlango.

"Akiuliza," akasema, "atakuwa ameshaamka."